Kabla mtoto hajapanda mti kwa malipo



Katika mikutano ya vikundi vyetu, kuna swali linalorudi mara nyingi. Mama anasema: mtoto wangu wa kiume ameacha masomo, anaona wenzake wanaitwa kukata miti na jioni wanarudi na franka mfukoni. Naye anataka kwenda. Nimwache? Mama mwingine anauliza kwa upande wake: kuna mti mkubwa umeinamia nyumba yangu, na mvua inakaribia. Nimwite nani?

Maswali haya mawili yana jibu moja. Yote yanatafuta mtu anayejua kazi ya miti, na yanataka kujua mtu huyo alijifunza nini kabla ya kushika msumeno. Basi leo ukurasa wetu ni wa kazi hiyo. Tunasema mapema tunachoamini: kazi ya miti ni ufundi kamili, kama ushonaji na useremala, na inajifunzwa kuanzia chini kwenda juu. Anayeanzia juu, mara nyingi ndiye tunayembeba kwenye kipoyi.

Kazi yenyewe ni ipi

Hapa Burungu na kwenye vilima vyetu vya Masisi, mti hauko mbali na maisha ya mama. Mikaratusi inatupa miti ya kujengea, kuni na makala. Grevilea ziko kwenye mipaka ya mashamba, na matawi yake tunayasimika ili maharage yapande. Avoka iko nyuma ya nyumba. Watoto wanakula, na yanayobaki yanaenda sokoni. Kwenye malisho ya ng'ombe, miti inashika waya wa miba. Na kwenye miteremko, mizizi inashika udongo ili mvua isiushushe bondeni pamoja na shamba.

Kwa hiyo watu wanasema tu "kukata miti", lakini ndani ya neno hilo kuna kazi tatu. Ya kwanza ni kuangusha mti mzima. Ya pili ni kupasua gogo liwe mbao, au kulikata vipande kwa ajili ya makala. Mbao nyingi za namna hiyo zinateremka Goma, ambako nyumba nyingi zimejengwa kwa mbao juu ya mawe ya volkano. Ya tatu ni kupunguza matawi, kuondoa yaliyooza, na kuutunza mti ubaki hai bila kuanguka juu ya nyumba au njia. Anayefanya kazi hii ya tatu Wafaransa wanamwita élagueur. Kwetu wanaoijua vizuri ni wachache kuliko wale wa kazi mbili za kwanza, ingawa miti inayohitaji kutunzwa iko kila kiwanja: kwenye shule, makanisa, vituo vya afya, masoko, na kila mahali nyaya za umeme zinapopita karibu na matawi.

Kijana anayejifunza kazi hii ya tatu vizuri anaweza kuitwa na watu wengi. Ila ndiyo yenye hatari kubwa, kwa sababu inafanyika juu, na kifaa cha kukatia kiko karibu na mwili na kamba.

Kwa nini hatari yake si maneno tu

Tuhesabu kidogo. Mtu akiteleza kwenye tawi lililo mita 10 juu ya ardhi, anafika chini kwa mwendo wa karibu kilomita 50 kwa saa. Ni sawa na kugongwa na gari barabarani. Mita 10 si mti mrefu. Mikaratusi mingi tunayoiona inapita hapo mara mbili.

Tena kuna msumeno wa mota, ule ambao vijana wetu wanauita tronsonezi. Mnyororo wake unapita kwa zaidi ya mita 20 kila sekunde. Ncha ya juu ya ule upanga wake ikigusa tawi lingine, msumeno mzima unaruka nyuma kuelekea uso na shingo ya aliyeushika. Unaruka haraka kuliko mkono unavyoweza kuuzuia. Ndiyo maana mwenye ujuzi hakati kwa ncha, hasimami nyuma ya msumeno moja kwa moja, na hakati kamwe juu ya mabega yake.

Kuna na hatari zilizofichika. Avoka ina mti laini unaovunjika bila kulia. Tawi linaonekana zima, kumbe halibebi mtu. Grevilea nayo inavunjika upesi. Tawi lililokatwa na kunasa kwenye matawi mengine linaweza kushuka saa yoyote. Ndani ya shina kunaweza kuwa na chuma: misumari, waya wa miba wa zamani ambao mti umeumeza, hata risasi za vita zilizopita. Mnyororo ukigonga chuma unaweza kukatika na kurushwa. Na kijana akiona chini ya mti kitu cha chuma asichokijua, asikiguse, asikipige, aondoe watu na kutoa habari kwa chifu.

Umeme nao ni jambo la pekee. Tawi bichi, hasa lililolowa, linapitisha umeme. Mtu anaweza kufa bila kugusa waya kwa mkono wake. Mti uliogusa waya si wa kijana wetu hata kama amefundishwa; kwanza kampuni ya umeme iitwe na izime ule mstari.

Anajifunza nini, na kwa mpango gani

Hapa ndipo tunaomba kila mama asome polepole, maana ndiyo sehemu ya kumwonyesha mtoto na fundi wake.

Hatua ya kwanza ni ya chini kabisa, bila msumeno wa mota na bila kupanda. Mwanafunzi anavuta kamba, anaondoa matawi, anazuia watoto na ng'ombe wasikaribie, ananoa vifaa. Anajifunza mafundo mpaka aweze kuyafunga gizani, kwa kuwa siku moja fundo ndilo litakalomshika. Anajifunza kuusoma mti: uyoga kwenye shina au juu ya mizizi ni dalili kwamba ndani kuna uozo, ufa mahali matawi mawili yanapoachana, udongo uliopanda upande mmoja wa mizizi, shina linalolia kama ngoma likigongwa. Mti wenye dalili hizo haupandwi. Kazi hii ya chini inaonekana ndogo, na vijana wanaichoka. Lakini anayemaliza msimu mzima hapo bila kukimbia ndiye anayefaa kuendelea.

Hatua ya pili ni msumeno wa mota akiwa amesimama ardhini. Kwanza kuuwasha, kuuzima, kuunoa, kukaza mnyororo, kujua breki yake. Halafu kukata magogo yaliyolala. Halafu mti mdogo. Kuangusha mti kuna kanuni zake. Upande ambao mti utaangukia unakatwa mdomo, kiasi cha robo ya unene wa shina au zaidi kidogo. Kisha unakatwa upande wa nyuma, juu kidogo ya mdomo ule, lakini haukatwi mpaka mwisho. Kati ya mikato miwili inaachwa sehemu nyembamba ya mti, kama sehemu ya kumi ya unene wake. Hiyo ndiyo bawaba, kama ya mlango. Ndiyo inayouongoza mti unapolala. Anayeikata yote ameupa mti ruhusa ya kwenda unakotaka. Kabla ya kuanza, njia ya kukimbilia inafyekwa, nyuma na kwa upande. Na watu wote wasiohusika wanakaa mbali kwa urefu wa mti huo mara mbili.

Hatua ya tatu ni kupanda kwa kamba na mkanda wa mwili, bila msumeno wa mota. Mwanafunzi anapanda, anatembea kwenye matawi, anashuka, anarudia, mpaka mwili uzoee. Kisha anakata kwa msumeno wa mkono. Kanuni mbili hazina msamaha. Wakati wa kukata, awe amefungwa mahali pawili, ili kamba moja ikikatwa nyingine imshike. Na asifanye kazi peke yake: chini lazima awepo mtu mwingine anayejua kupanda, mwenye kamba yake, anayeweza kumteremsha akiumia. Mtu aliyezimia akining'inia kwenye mkanda hawezi kungoja mpaka fundi aitwe kutoka kijiji kingine.

Hatua ya nne, na ya mwisho, ni msumeno wa mota juu ya mti. Hiyo ni kazi ya mtu aliyekomaa katika zile tatu. Mama akisikia kwamba mtoto wake amepandishwa na tronsonezi katika wiki yake ya kwanza, ajue kwamba fundi yule hafundishi. Anatafuta tu mtu mwepesi wa kupanda.

Kukata tawi bila kuua mti

Ufundi haumlindi mtoto tu, unalinda na mti wetu. Wengi tumeona avoka iliyopunguzwa matawi, na baada ya miaka michache shina lake linaoza na mti unaanguka. Sababu mara nyingi ni mkato mbaya.

Alex Shigo, mtaalamu wa Marekani aliyefanya kazi katika idara ya misitu ya nchi yake, alipasua maelfu ya mashina kwa urefu ili aone ndani kilichotokea baada ya jeraha. Alionyesha kwamba mti hauponyi kidonda kama ngozi yetu inavyopona. Mti unajenga ukuta ndani, unaufungia uozo pale ulipo, na kuendelea kukua kwa nje. Pale tawi linapoungana na shina kuna uvimbe kama kola ya shati. Ukuta huo unajengwa vizuri pale. Kwa hiyo fundi anakata nje kidogo ya kola, bila kuigusa. Akikata ndani ya kola, amefungua mlango wa uozo. Akiacha kisiki kirefu, kisiki kinakufa na kuoza, na uozo unaingia taratibu.

Tawi zito linakatwa mara tatu. Mkato wa kwanza ni kutoka chini, mbali kidogo na shina, usiofika katikati. Wa pili ni kutoka juu, mbele kidogo ya ule wa kwanza; tawi linaanguka bila kuchuna ganda la shina. Wa tatu ndio wa kuondoa kisiki, karibu na kola. Kidonda hakipakwi rangi wala oili chafu ya gari; havisaidii mti kujifunga. Na kwa mwaka mmoja haifai kuondoa zaidi ya robo ya matawi yenye majani, kwa sababu majani ndiyo jiko la mti. Avoka ikivuliwa majani yote, jua linachoma ganda lake.

Mkaratusi una tabia yake. Ukikatwa karibu na ardhi, kisiki kinachipua tena. Fundi mzuri anakata mkato laini, ulioinama kidogo ili maji ya mvua yateremke, na ganda lisichunwe. Machipukizi yakishakua, yanaachwa mawili au matatu yenye nguvu na mengine yanaondolewa. Hivyo mama anavuna tena bila kupanda mche mpya. Mradi wa EcoMakala wa shirika la WWF, ulioanza mwaka 2007 katika jimbo letu, ulisaidia wakulima kupanda miti ya makala katika mashamba yao ili makala ya Goma isitoke yote katika Pori la Virunga. Miti ya namna hiyo inahitaji mikono inayojua kuivuna, si kupanda peke yake.

Anaweza kujifunza wapi

Hapa kwetu njia ya kawaida ni kumfuata fundi. Si njia mbaya, ikiwa fundi mwenyewe ana mpango. Lakini kuna milango mingine inayomwandaa kijana.

Shule za ufundi wa kilimo na mifugo, zile tunazoziita ITAV, zinafundisha kitalu, udongo, magonjwa ya mimea na kupunguza matawi. Kijana aliyesoma huko anaelewa mti kabla ya kuukata. INPP, taasisi ya serikali ya mafunzo ya kazi, iko Goma na inafundisha ufundi kama umekanika. Anayeelewa mota atatunza msumeno wake vizuri na kwa gharama ndogo. Kwa anayetaka kufika mbali zaidi, Chuo Kikuu cha Goma na Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben kule Butembo vina masomo ya agronomia.

Kwa majirani zetu, Uganda ina chuo cha misitu cha Nyabyeya, karibu na Masindi. Kenya ina chuo cha misitu cha Londiani. Tanzania ina chuo cha Olmotonyi, Arusha, na kingine cha Moshi kinachofundisha viwanda vya mbao, pamoja na ufundi wa kunoa na kutunza misumeno. Katika Tanzania na Kenya kijana wetu hatapotea kwa lugha njiani na sokoni, ingawa darasani atakutana na Kiingereza.

Tuangalie na nchi za mbali, siyo kwa kutamani safari, bali kwa kuona wao wanadai nini. Ufaransa wana cheti cha pekee cha arboriste élagueur, kinachosomwa baada ya masomo mengine ya msingi. Uingereza wanatoa cheti kwa kila hatua: kutunza na kutumia msumeno ardhini, kuangusha miti midogo, kupanda na kuokoa mtu juu ya mti, na mwishoni kabisa kutumia msumeno wa mota ukiwa juu. Chama cha kimataifa cha wataalamu wa miti, kinachoitwa ISA, hakimruhusu mtu kuingia katika mtihani wake wa utaalamu wa miti mpaka awe na miaka 3 ya kazi, au masomo ya chuo yanayochukua nafasi ya sehemu ya miaka hiyo. Hao wana helikopta za hospitali na bima. Ikiwa wao hawampandishi mtu kabla ya kumfundisha, sisi tulio na njia ya matope mpaka hospitali tuna sababu gani ya kuharakisha?

Sheria inasema nini

Mambo matatu yanatosha mama kuyashika.

Kwanza, umri. Sheria namba 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009, inayomlinda mtoto katika nchi yetu, inamhesabu kuwa mtoto kila aliye chini ya miaka 18, na inakataza kumtia katika kazi za hatari. Kupanda miti kwa malipo na kushika tronsonezi ni kazi ya hatari. Kijana wa miaka 14 akibembelezwa kwa sababu ni mwepesi, mama ana haki ya kusema hapana, na sheria iko upande wake.

Pili, mti ni wa nani. Sheria ya misitu namba 011/2002 ya tarehe 29 Agosti 2002 inasema kwamba miti iliyo katika shamba ni mali ya mwenye shamba, na iliyo kijijini ni mali ya kijiji. Wamama wajane walimao mashamba yao wakumbuke hilo anapokuja mtu kukata bila kuuliza. Na kijana wetu, kabla ya kuanza, amuulize mwenye mti mbele ya shahidi, asije akashtakiwa kwa kosa la aliyemtuma.

Tatu, pori. Virunga ni hifadhi tangu mwaka 1925. Kukata mti ndani yake ni kosa, na kijana anayepelekwa huko anahatarisha uhuru wake na maisha yake kwa gunia la mtu mwingine.

Kikundi kinaweza kufanya nini

Vifaa ndivyo vinavyowashinda vijana wengi. Kijana hana kaske, kwa hiyo anapanda bila kaske. Hana kamba ya kazi, kwa hiyo anachukua kamba inayofunga ng'ombe. Kamba hiyo imekaa juani na kwenye mvua, na haikutengenezwa kumbeba mtu anayeanguka.

Hapa ndipo AVEC na likelemba zetu zina nguvu. Kikundi kimoja kinaweza kununua seti moja: kaske yenye kilinda uso, miwani, viziba masikio, glavu, buti ngumu, mkanda wa mwili, kamba mbili za kupandia na msumeno wa mkono. Vinunuliwe kidogo kidogo, kuanzia kaske na msumeno wa mkono, kwa kuwa hivyo viwili vinahitajika tangu siku ya kwanza. Seti ikae kwa mwekahazina. Anayeichukua anaandikwa, analipa kiasi kidogo, anairudisha ikiwa safi, na kamba inachunguzwa kwa vidole kila mara kabla ya kutolewa. Kamba yenye mkato, iliyoungua au iliyoanguliwa na mtu inatolewa katika kazi ya kupanda, hata kama inaonekana bado nzuri. Inaweza kufunga mzigo, siyo mtu.

Kikundi kinaweza pia kuomba muuguzi wa kituo cha afya aje siku moja kuwafundisha vijana na mama zao huduma ya kwanza. Mambo makubwa ni machache. Damu inayoruka inabanwa kwa kitambaa safi na kiganja, kwa nguvu, bila kufunua kila mara kutazama. Aliyeanguka kutoka juu asiinuliwe kwa mikono na miguu, wala asikalishwe kwenye pikipiki. Alazwe kwenye ubao au mlango, mtu mmoja ashike kichwa chake kisigeuke, abebwe kwa kipoyi polepole. Uti wa mgongo ulioumia unaweza kuumia zaidi njiani kwa haraka ya wenye huruma.

Na mabinti je? Wangari Maathai wa Kenya alianza mwaka 1977 na wanawake wa vijijini kupanda miti, na mwaka 2004 akapewa Tuzo ya Nobel ya Amani. Wanawake wale hawakuanza na diploma. Kusoma mti, kitalu, kupunguza matawi ya chini, kupanga kazi na kuandika hesabu ni kazi ambazo binti anazifanya vizuri, na anayetaka kupanda afundishwe kama kaka yake, kwa hatua zile zile.

Maswali ya kumuuliza fundi

Mama, kabla hujakubali mtoto aende, au kabla hujampa mtu kazi kwenye mti wako, muulize haya mbele ya watu wawili:

Umefanya kazi hii misimu mingapi, na ni nani aliyekufundisha? Mtoto wangu atakaa chini muda gani kabla ya kupanda? Kamba ya kupandia iko wapi, tuione? Nani mwingine katika kundi lako anajua kupanda akamteremshe aliyeumia? Mkiona waya wa umeme mtafanya nini? Mti ukiharibu nyumba ya jirani, nani atalipa? Mtoto akiumia, nani atalipa hospitali? Malipo ni kwa siku au kwa mti?

Swali hilo la mwisho lina maana yake. Anayelipwa kwa mti anakimbilia mti unaofuata, hata mvua ikianza, hata upepo ukivuma, hata jua likishuka. Anayelipwa kwa siku anaweza kusema "leo mti umelowa, tutarudi kesho" bila kulala njaa. Mama mwenye mti anayekubali malipo ya siku anasaidia mtoto wa mama mwingine kurudi nyumbani.

Fundi wa kweli hatakasirikia maswali haya. Atayajibu, na huenda ataongeza mengine. Anayekasirika amekwisha kukujibu.

Basi tunawaomba vikundi viusome ukurasa huu katika mkutano wa wiki hii, vijana wakiwepo. Mwandike majina ya mafundi wa eneo lenu wanaofundisha kwa hatua, mtuletee kwenye ofisi ya chama, ili mama anayetafuta ajue pa kuanzia. Kikundi kitakachoanza seti ya vifaa kitujulishe pia. Wengine watataka kujua mlivyopanga.

Wiki ijayo tutazungumza juu ya kitalu cha avoka: mbegu ipi ya kuchagua, na namna ya kubandika ili mti uzae upesi ukiwa bado mfupi. Mti mfupi haumlazimishi mtoto kupanda juu.

Kazi njema, na Mungu awalinde walio juu ya miti leo.